Mpangaji wa Darini

Umeme ulikatika saa nane mchana, mwezi wa pili, mwezi ambao Dar es Salaam haina huruma na mtu. Majenereta ya ghorofa za jirani pale Upanga yakaanza kuunguruma moja baada ya jingine, lakini la nyumbani kwa Sophia lilikuwa bovu. Friji ilizimika, televisheni ikazimika katikati ya katuni, na Rukaiya, binti yake wa darasa la kwanza, akaguna kwenye kochi. Sophia alisimama katikati ya sebule akisubiri joto liingie. Halikuingia. Juu ya kichwa chake, kwenye tundu la dari lenye vyuma vyembamba, upepo wa baridi uliendelea kushuka taratibu, na ulikuwa na harufu ya udi.

Akaenda kutazama swichi. Haikuwa na taa. Akatoka nyuma ya nyumba kuuangalia mtambo wenyewe, ule mkubwa kama kabati la nguo, akakuta feni yake imesimama na kunguru ametua juu yake. Akarudi ndani, akainua mkono chini ya tundu. Baridi ikamgusa kiganja.

Jioni alipomweleza mumewe, Twaha alicheka. Alisema ile ni hewa iliyobaki kwenye mifereji, kwamba mifereji mirefu namna ile haiishiwi mara moja, na kuhusu udi, kwani mwanamke gani wa Kiswahili asiyefukiza nguo zake? Jibu lilikuwa jepesi na Sophia alilipokea, maana alizoea kumwamini. Watu wanaopenda wana ugonjwa wao. Ukiwaambia mvua leo inanyesha kutoka chini kwenda juu, wanakwenda kutafuta mwavuli wa miguu.

Na Twaha alikuwa mtu wa kupendwa, tusimnyime haki yake. Alikuwa na duka la mapazia ya jumla Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na kuna kipindi duka lile lilikaribia kufa kabisa, wateja wanapita mlangoni kama vile pale pana ukuta. Halafu upepo ukageuka. Wateja wakaanza kuja kutoka Mbeya, kutoka Bukavu, kutoka Lubumbashi, wanapita maduka ya wenzake yenye bei nafuu wanakwenda kupanga foleni kwake. Akanunua nyumba ya Upanga kwa familia ya Kihindi iliyohamia Kanada, na kabla hata ya kupaka rangi akaweka kiyoyozi. Hakuweka hivi vya kutundika ukutani, kila chumba na chake. Aliweka mtambo mmoja wa nyumba nzima, na mifereji ya bati ikapitishwa juu ya dari kwenda kila chumba. Alimwambia mkewe kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya kifua cha mtoto. Rukaiya alikuwa na pumu tangu anatambaa. Sophia alilia siku ile mtambo ulipowashwa, akambusu mumewe mkono.

Kifua hakikupona. Kilizidi. Mtoto alianza kukohoa mchana, wakati wa joto kali nje na baridi kali ndani, kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni, na kila kikija Sophia alihesabu pumzi zake kimoyomoyo akiogopa itakayofuata isije. Hakuwa na mtoto mwingine. Hakuwa na hofu nyingine duniani zaidi ya hiyo. Daktari alimuuliza habari za nyumba, akamwambia kama kuna mifereji ya hewa darini ifunguliwe isafishwe yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu uchafu unaokaa mle ndio mtoto anaouvuta.

Twaha hakutaka. Alisema fundi anakuja kila baada ya miezi mitatu na inatosha. Fundi huyo alikuwa Elimringi, kijana wa watu wa Machame mwenye karakana Gerezani, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa na amri ya mwenye nyumba: asafishe mtambo wa nje, azibue bomba la maji, aoshe filta, basi. Dari asiguse. Siku moja alipochomoa filta aliishika muda mrefu, akaigeuza huku na huku, kisha akamwita Sophia pembeni.

"Mama Rukaiya, mimi filta ya miezi mitatu naijua. Kwa vumbi la mji huu inatoka kama zulia," alisema. "Hii ni safi. Haipitishi hewa hii, iko tu hapa. Sasa hewa mnayopata ndani inatoka wapi?"

Sophia alimuuliza mumewe, na mumewe akamwambia mafundi wa siku hizi wanatafuta kazi mahali pasipo na kazi.

Twaha akasafiri kwenda China kuchukua mzigo, kama wafanyavyo wenzake wa Kariakoo. Mlangoni, begi likiwa tayari kwenye gari, alirudi mara mbili kusema jambo moja: kiyoyozi kisizimwe. Mtambo wa aina ile ukizimwa unakufa. Na dari isiguswe na mtu.

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, Rukaiya akiwa amelala kwa uchovu wa kukohoa, Sophia alikuwa chumbani anakunja nguo alizoanua. Mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia jua. Akasikia anaitwa.

"Sophia."

Ilikuwa sauti ya Twaha. Ilikuwa yake kabisa, na ukwaruzo wake wa asubuhi, ila ilitoka juu. Watoto wa pwani wanafundishwa mapema kwamba ukiitwa na usiyemwona usiwe na haraka ya kuitika, na Sophia alilelewa na mtu wa pwani hasa. Akafunga mdomo. Nguo aliyoishika ikabaki mikononi.

Halafu sauti ikaita tena, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya kwenye kitasa.

"Sophia binti Hyasinta."

Akakaa kitandani, kwa sababu Dar es Salaam nzima, kuanzia mashoga zake wa Kariakoo hadi walimu wa shule aliyosoma, hadi shehe aliyemwozesha, ilijua kuwa mama yake ni Bi Kuruthumu wa Mtaa wa Mafia, na Hyasinta alikuwa msichana kutoka Kilimanjaro aliyefanya kazi za ndani nyumba ya jirani, akajifungua, akafariki siku hiyohiyo, na Bi Kuruthumu aliyekuwa na kichanga chake kilichokufa akamchukua mtoto yule akamweka titini na kusema huyu ni wangu, na jina la aliyemzaa likazikwa na aliyemzaa, asilijue mtu, mpaka Sophia mwenyewe alipokuwa mkubwa akaambiwa mara moja tu na kuapishwa asilitamke. Akalitamka mara moja. Alimwambia Twaha, mwaka wa kwanza wa ndoa, kichwa chake kikiwa juu ya mkono wake, kwa sababu Twaha alimuuliza kwa upole na akasema mume na mke hawafichani.

Baridi ilikuwa inashuka juu ya shingo yake. Hakuitika. Akajiambia pengine Bi Kuruthumu aliteleza ulimi mahali, pengine majirani wa zamani walijua. Mtu akisalitiwa na anayempenda, wakili wa kwanza wa mkosaji huwa ni yeye mwenyewe.

Lakini alimpigia simu Elimringi.

Fundi alikuja na ngazi, akasita chini ya dari. Alisema mzee alikataza. Sophia akamjibu kwamba mzee yuko China na mwenye nyumba leo ni yeye, na kwamba yeye anachotaka ni mwanawe apumue. Elimringi akapanda, akafungua kifuniko cha korido, akaingiza kichwa na mabega na tochi. Miguu yake kwenye ngazi haikutikisika, na ule utulivu wa miguu ulimtisha Sophia kuliko kama angepiga kelele.

"Mama," alisema kutoka juu, kwa sauti ndogo. "Huku kuna mtu anafukiza?"

Akashusha chetezo. Makaa yake yalikuwa mekundu, na udi juu yake ulikuwa bado unatoka moshi. Akapanda tena, akarudi na kikombe cha marashi kilichojaa hadi ukingoni. Mara ya mwisho alishuka na kanga, na hapo Sophia akashika ukuta. Ilikuwa pisi moja ya doti aliyopewa na Bi Kuruthumu siku ya arubaini ya Rukaiya. Nyingine alikuwa nayo kabatini. Hii aliitafuta nyumba nzima mpaka akakata tamaa, na Twaha alimsaidia kuitafuta, akainua hadi magodoro.

"Ilikuwa imetandikwa juu ya mkeka," Elimringi alisema. "Pana mto. Mto una alama ya kichwa." Alikuwa anakusanya vifaa vyake bila kuvipanga, na midomo yake ilitaja jina la Yesu chinichini. "Mimi nasafisha vumbi, mama. Humo hamna vumbi. Humo mna mtu. Mchukue mtoto mwende."

Bajaji iliwafikisha Kariakoo jua likiwa bado juu. Bi Kuruthumu alikuwa ukumbini anachambua dagaa, akapokea shikamoo, akamtazama binti yake usoni na kuacha kazi. Sophia alimweleza yote mpaka lile jina. Mzee hakuuliza ni jini gani wala limetoka wapi. Aliuliza kitu kimoja tu, nani mwingine aliyeambiwa.

"Baba Rukaiya," Sophia alisema.

Bi Kuruthumu akafuta mikono yake kwenye upande wa kanga. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Asubuhi yake walirudi Upanga na Shehe Bakili, mtu mfupi mwenye kikohozi cha tumbaku, anayesomea watu Mtaa wa Mkunguni na ambaye hapendi kuitwa mganga. Rukaiya walikuja naye, kwa sababu Sophia hakukubali kumwacha mbali na macho yake. Shehe alikaa sebuleni chini ya tundu, akauliza linaloulizwa siku zote kwenye kazi hizi, jina la mtu na jina la mama yake, kwa sababu baba anaweza kuwa wa kusingiziwa lakini tumbo halisingiziwi. Sophia akamtazama Bi Kuruthumu aliyemnyonyesha. Ilibidi alitamke lile jina jingine mbele yake, na aliona jinsi mzee alivyoinamisha macho kama mtu aliyepokonywa kitu mchana kweupe. Kwa hilo peke yake angeweza kumchukia Twaha maisha yake yote.

Shehe akawaeleza kwa maneno machache. Jini wa biashara hakai kwenye duka, duka analitembelea tu kuvuta wateja. Anakaa nyumbani kwa aliyemchukua, mahali pa baridi pasipopigwa na jua, na anataka udi, marashi, na kiti. Kiti ni mtu. Mwenye kumleta anataja jina la mtu huyo na la mama yake, anatoa na nguo yake. Kisha jini anaita. Hawezi kuingia mpaka aitikiwe, na akiitikiwa anakaa.

"Ana uungwana huo mmoja," Shehe alisema. "Na hana viti viwili. Anakaa kwa aliyeitika. Akiita mwingine na mwingine akaitika, anahama."

Sophia alitazama juu kwenye yale matundu mazuri meupe. Kifua cha mtoto kilikuwa kisingizio tu. Mifereji ile ilikuwa nyumba ya mtu, na wao ndio waliokuwa wapangaji wake.

Shehe akaagiza mtambo uzimwe kwenye swichi kuu. Akaanza kusoma chumba kwa chumba, akinyunyiza maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, kwenye kila tundu na kuliziba kwa nguo, na mwanzo hapakuwa na kitu zaidi ya sauti yake na kikohozi cha Rukaiya kwenye mapaja ya bibi yake. Halafu bati la darini likalia, kwa mbali, juu ya chumba cha wageni, kama linavyolia likipoa, likalia tena karibu zaidi, juu ya korido, na sasa lilikuwa linabonyea na kurudi, linabonyea na kurudi, uzito wa mtu anayetambaa kwa viwiko, akifika kwenye tundu anakuta nguo, anageuka, akifika kwenye jingine anakuta nguo, anageuka, na harufu ya udi ikawa nzito mpaka machozi yakawatoka, na kutoka mle ndani sauti ya Twaha ikaanza kubembeleza, Mama Rukaiya fungua, Mama Rukaiya ni mimi, mimi mumeo, na Sophia akajiziba masikio kwa viganja akaikuta sauti imeshaingia, mpaka Shehe alipofika jikoni kwenye tundu la mwisho, ambalo hakuliziba bali alilifungulia dirisha mkabala wake, na kitu cha baridi kikapita kati yao wote, kikatoka juani, na mwembe wa jirani ukapukutisha majani upande mmoja.

Kisha joto likaingia. Liliingia kwa madirisha yote, joto zito la Upanga lenye moshi wa magari na vitunguu vya majirani, na Sophia alikaa sakafuni akatoka jasho na kumshukuru Mungu kwa kila tone.

"Nyumbani ametoka," Shehe Bakili alisema, akikunja mkeka wake. "Kwenye ahadi hajatoka. Aliyeahidi ndiye wa kuivunja. Mwambie mumeo."

Walihamia kwa Bi Kuruthumu, chumba kimoja chenye feni, kelele za wachukuzi na wauza maji zikiingia tangu alfajiri. Huko ndiko Sophia alikompigia Twaha. Hakupiga kelele. Alimweleza kilichopatikana darini, akangoja. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa magari ya nchi za watu.

"Alitaka mmoja," Twaha alisema mwisho. "Alimtaka mtoto, Sophia. Nikampa wewe."

Alilisema kama mtu anayesubiri shukrani. Sophia aliondoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. Alimuuliza kwa nini hakujitoa mwenyewe, kwa vile duka ni lake na mali ni yake.

"Nikiondoka mimi, nani angewalisha?"

Hapo ndipo mapenzi yalipokwisha, kwa swali la mahesabu ya nyumbani. Alihisi yakimtoka kabisa, na yaliyobaki yalikuwa aibu, kwamba alilaza kichwa juu ya mkono wa mtu huyu akampa jina la marehemu mama yake alitunze. Akamwambia avunje ahadi yake. Twaha akasema atajaribu. Akasema haivunjwi hivihivi. Akasema duka limeshaanza kukauka, kijana wake wa dukani kampigia, tangu juzi hajaingia mteja hata wa kuuliza bei. Sophia akakata simu.

Rukaiya alipona. Hilo ndilo lililomtia Sophia nguvu ya kuamka kila siku. Katika joto lile la Kariakoo, katika vumbi ambalo daktari angelikataza, mtoto alilala bila mluzi, akaamka akadai chapati, akacheza rede uani na watoto wa wapangaji mpaka akachubuka magoti. Kila jioni mama yake alimwogesha na kuweka sikio kifuani kwake, na kila jioni kifua kilikuwa kitupu, kinapiga moyo tu. Alimfundisha jambo moja na kumrudia nalo mara kwa mara: akisikia sauti inamwita kutoka juu, darini au kwenye feni, au mahali popote asipoona mtu, asiitike. Mtoto alikubali. Alikuwa mtoto wa adabu, wa kuitwa mara moja tu na kuitika abee na kusimama.

Alimkataza kuitika sauti ya darini. Hakumkataza kuitika sauti ya baba yake aliyesimama mlangoni. Nani angemkataza mtoto kitu hicho?

Siku moja Twaha alikuja mchana, Bi Kuruthumu akiwa amekwenda mazikoni. Sophia alikuwa uani anapepeta mchele. Hakumsikia akipiga hodi, kwa sababu hakupiga. Alichosikia ni sauti yake kutoka mlango wa mbele, safari hii ya kweli, yenye koo na mate, imechoka kwa safari.

"Rukaiya binti Sophia."

Ungo ulimtoka mikononi. Hakuna baba anayemwita mwanawe hivyo. Baba humwita mtoto kwa jina lake, au kwa jina la utani, na akitaka kumtania humtaja kwa jina lake yeye, binti Twaha. Sophia alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini ukumbi wa nyumba zile ni mrefu, na mtoto wa adabu haitwi mara mbili.

"Abee, baba," Rukaiya alisema.

Alipofika alimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Feni ilikuwa inazunguka juu yake, na chumba kilikuwa na baridi. Twaha alikuwa kizingitini na begi lake la uwanja wa ndege, uso kaugeuzia kwenye fremu ya mlango. Alikuwa analia. Sophia alimtazama akagundua kwamba machozi yale hayamgusi hata kidogo.

"Wewe ulikataa kuitika," Twaha alimwambia ukuta. "Angenichukulia kila kitu."

Sophia aligusa shavu la mtoto, akaondoa mkono. Aliweka sikio kifuani, akasikia mluzi umerudi, mwembamba, na baina ya pumzi moja na nyingine pana nafasi ambayo haikuwa ya kawaida. Akachukua kanga, akambeba mgongoni kama alivyombeba alipokuwa mchanga, akafunga fundo kifuani, akampita mumewe bila kumgusa.

Mtaa wa Mkunguni si mbali, lakini Kariakoo ya saa saba haina mahali pa kukimbilia. Mikokoteni imejaza njia, wachukuzi wenye marobota kichwani wanapiga kelele za kuomba kupita, wamachinga wametandaza viatu hadi katikati ya barabara, na jua liko utosini kwa kila mtu. Sophia alipenya. Mgongo wake ulikuwa unaganda. Baridi ilipita kanga, ikapita gauni, ikashika mbavu. Aliongea na mtoto muda wote, akimwambia tunafika mwanangu, tunafika kwa Shehe, pumua. Mtoto alivuta pumzi, akanyamaza. Akavuta nyingine baada ya hatua nyingi.

Kisha kidevu kidogo kikaegemea bega lake, na midomo ikafika sikioni.

"Sophia binti Hyasinta," ilisema, kwa sauti ya mwanawe.

Aliuma meno, akaongeza mwendo. Aliyaona mabati ya msikiti ulio karibu na kwa Shehe, akaona na msongamano uliopo kati yake na pale, lori limekwama linashusha mzigo, watu wamesimama. Alisubiri kusikia pumzi. Haikuja. Akasimama katikati ya watu, akasubiri, na watu wakampisha bila kujua kwa nini wanampisha.

"Wewe ndiye niliyeahidiwa," sauti ilisema tena, taratibu, bila hasira. "Huyu mdogo. Hanitoshi. Sophia binti Hyasinta."

Akakumbuka maneno ya Shehe kwamba hana viti viwili. Hakufikiri zaidi ya hapo. Hakumfikiria Twaha wala duka wala nani kamkosea nani, alisikiliza kifua kile kilichonyamaza mgongoni mwake, na kilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

"Abee," Sophia aliitika.

Mgongoni kwake mtoto alishtuka, akavuta pumzi ndefu yenye kelele, akakohoa, akalia kidogo. Jasho likaanza kumtoka. Sophia alilihisi likilowesha shingo yake, jasho la joto la mtoto mzima.

"Mama, jua linachoma," Rukaiya alilalamika.

"Jifunike na kanga."

Aliendelea kutembea, akilizunguka lile lori. Vidole vyake vya miguu havikusikia tena lami. Baridi ilikuwa inapanda kwa ndani, bila haraka, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba aliyopewa funguo, na alijua inakwenda kwenye ulimi. Akamwambia mtoto amsikilize vizuri. Watafika kwa Shehe, Shehe atamtuma mtu kumwita bibi, na bibi akija ashike kanga yake asiiachie. Mtoto akasema ndiyo.

"Na baba akikuita," Sophia alisema, "usiitike."

Rukaiya alifikiri.

"Na wewe ukiniita?"

Sophia alivuka mtaro, akapita kibanda cha muuza juisi, akapita na kingine, kabla ya kumjibu.

"Na mimi pia, mwanangu. Usiniitike."